Bomba Lililosubiri Mgeni Rasmi

Saruji mbichi ikimwagiwa maji hutoa harufu ambayo watu wengine wanaipenda. Mimi inanipandisha hasira. Wiki iliyopita nilikuwa Sale, wilayani Ngorongoro, kwa shughuli zangu za kazi, nikashuka kwenye gari kunyoosha miguu karibu na kituo kipya cha maji, na harufu ile ikanipokea kabla sijasalimia mtu. Kituo kilikuwa kizuri. Kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu, kina koki mbili zinazong'aa, na kwenye kila koki kumefungwa kufuli. Wanawake wawili walikuwa wanapita na punda waliobebeshwa madumu ya maji ya mtoni. Nikamuuliza fundi aliyekuwa anafuta koki kwa kitambaa, mbona kumefungwa? Akanijibu kwa upole kabisa, "Bado, mama. Tunangoja wageni waje wafungue." Nilirudi garini nikaubamiza mlango mpaka dereva akaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia ndiyo, nimegombana na watu, ila ni zamani, na baadhi yao wameshakufa.

Sisi tulikulia Karatu, upande wa Qurus, nyumba yetu ikitazamana na shule ya msingi ng'ambo ya mashamba. Ninyi wa rika langu mliosoma vijijini hamhitaji kuelezwa habari ya kidumu. Kila mwanafunzi alifika shuleni na lita tano za maji, na asiyekuwa nazo hakuulizwa kwa maneno. Maji hayo yalitoka korongoni. Wakati wa masika korongo letu lilikuwa na kijito, lakini kiangazi kilipokaza kilibaki kishimo kimoja cha mchanga chini kabisa, maji yanachuruzika humo kidogo kidogo, unachota kwa bakuli, unamimina, unangoja, unachota tena. Yalikuwa na ladha ya udongo na mkojo wa ng'ombe, na tuliyanywa hivyo hivyo. Ndoo moja kubwa ilikula muda mrefu kuliko kipindi cha darasani. Ukiwa na watu wanane mbele yako, piga hesabu mwenyewe.

Nyumbani kwetu mwenye kazi ya maji alikuwa dada yangu Yasinta. Mimi nilikuwa darasa la tatu, shingo haijakomaa. Baba alikuwa mlinzi kwenye kambi ya watalii kule Engaresero, anarudi mara moja kwa mwezi na vumbi lake. Mama alikuwa na mimba kubwa, baadaye akawa na mtoto mchanga. Punda wetu alikuwa ameliwa na fisi. Kwa hiyo ikabaki Yasinta. Alikuwa darasa la saba, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, na ule ndio ulikuwa mwaka wake. Ukifaulu mtihani wa darasa la saba unakwenda sekondari. Ukikosa, jembe liko nyuma ya mlango. Hakuna aliyemficha hilo. Hata Bibi, ambaye hakukanyaga darasani maisha yake yote, alikuwa anamwambia, "Yasinta, soma. Mimi naweka dole gumba. Linatosha kwa ukoo mzima."

Shida ilikuwa hisabati. Ilifundishwa kipindi cha kwanza, kwa sababu walimu walisema asubuhi akili bado ni safi. Yasinta hakuwa na akili safi wala chafu asubuhi, kwa sababu hakuwepo. Alikuwa korongoni anachota kwa bakuli. Alifika wakati wenzake wanafunga madaftari ya hisabati, anachapwa viboko viwili vya uchelewaji, anakaa chini, anaanza Kiswahili, ambacho alikijua kuliko mwalimu. Jioni alikuwa akiniomba nimsomee maswali ya sehemu na asilimia wakati anasonga ugali, mimi nikiwa sielewi ninachosoma na yeye akiwa haelewi anachosikia. Tulikuwa timu mbovu sana.

Ndiyo maana habari ya bomba ilipofika, nyumbani kwetu ilipokelewa kuliko habari ya mtoto mchanga. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wa Karatu mjini, wauguzi wastaafu, mwalimu mmoja, mwenye duka la vitenge, pamoja na marafiki zao wachache wa ng'ambo waliowahi kupita kwetu kuangalia wanyama. Walikuwa wanasomesha watoto na kuvuta maji kijiji kimoja kimoja, pole pole, kadiri walivyopata. Walikuja kijijini wakakaa na wananchi, wakakubaliana: wao wataleta mabomba na saruji, sisi tutachimba mtaro kutoka kwenye chemchemi iliyoko juu, ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, hadi shuleni. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake. Chetu alikichimba Yasinta na mama, mama akiwa na tumbo lile, na kilikuwa na mawe.

Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Mama Emanuela, mmoja wa wale wauguzi wastaafu. Alikuwa mwanamke wa Kiiraqw kama sisi, mnene, mwenye sauti ya wodini, kavaa kitenge na buti za mvua. Alipanda kwenye pikapu ya kokoto, akashuka nayo, akabeba kokoto pamoja na wanawake, akawaletea mafundi ugali kwenye sufuria. Sisi watoto tuliamua kwamba yeye ni mpishi wa mafundi. Mfadhili tulikuwa tunamjua alivyo ingawa hatujamwona. Mfadhili ni mzungu mrefu mwenye miwani, anayekuja na gari la paa linalofunguka. Nilidhani atakuja na maji yenyewe, ndani ya gari.

Baridi ya katikati ya mwaka ilikuwa imeanza, ukungu unashuka hadi madirishani, siku mafundi walipofungua koki kwa mara ya kwanza. Maji yalikohoa, yakatema hewa na tope, kisha yakaja meupe, baridi, yakatupiga miguuni. Tulipiga yowe shule nzima. Yasinta alikinga viganja akanywa, akafumba macho, akasema, "Selina, hayana ladha! Hayana ladha kabisa!" Nadhani hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyomsikia akikisema mwaka ule. Alianza kucheka akahesabu kwa vidole: kutoka nyumbani hadi hapa ni kuvuka mashamba tu, ndoo inajaa mara moja, kwa hiyo kengele ya kwanza itamkuta darasani. Fundi akafunga koki. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Tluway, akatoa kufuli jipya mfukoni, akalifunga, akajaribu kulivuta, likakataa, akaridhika.

Kikao cha kijiji kilikuwa kimeamua. Kitu kikubwa namna ile hakiwezi kuanza kutumika kienyeji, kama choo. Lazima kizinduliwe, na wa kuzindua ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi ni mfadhili. Hawakuwa watu wabaya, nataka niseme hilo mapema kabla hasira haijanipeleka mbali. Kwetu mgeni akiwa njiani hakuna anayetia mkono kwenye sahani. Kumtangulia mgeni kwenye zawadi aliyoileta mwenyewe waliona ni kumvunjia heshima. Na kulikuwa na hesabu nyingine pia, ambayo mtendaji wa kijiji aliisema waziwazi kikaoni: mgeni akiona tumemheshimu, kesho ataleta zahanati. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, watu wakapiga makofi. Mama alirudi nyumbani akatusimulia huku akikanda miguu yake iliyovimba. Bibi akauliza, "Sasa mwenyeji anapona lini?" Asubuhi Yasinta akachukua ndoo yake kwenda korongoni.

Basi fikirieni jambo hili. Bomba lilikuwa kando ya uzio wa shule. Njia ya kutoka korongoni ilipita ubavuni mwake. Kwa hiyo kila siku shule nzima tulipita na vidumu vyetu vya maji ya tope mbele ya maji safi yaliyofungwa kufuli, na hakuna mtu mzima aliyeona ajabu. Zaidi ya hapo, mwalimu mkuu aliamuru pazungushiwe bustani ili mgeni akifika pawe pamependeza. Maua yakapandwa. Maua yanahitaji maji. Darasa la tatu tukapewa zamu ya kuyamwagilia. Ndiyo, mmesoma sawasawa: tulikuwa tunashuka korongoni kuchota maji ya kumwagilia maua yaliyolizunguka bomba. Mimi binafsi nilimwagilia. Nilikuwa na safu yangu ya maua, na nilijivunia.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa na maelezo yangu kuhusu kwa nini bomba halitumiki. Pembeni yake walijenga kiukuta, wakabandika jiwe jeupe lenye maandishi, kisha wakalifunika kwa kipande cha pazia la zambarau. Siku moja nilichungulia chini ya pazia nikaona jina la mtu na tarehe. Jiwe lenye jina na tarehe nilikuwa nimeliona mahali pamoja tu, makaburini. Na zambarau ndiyo rangi wanayofunikia msalaba kanisani wakati wa mateso ya Yesu. Bibi alikuwa amenisimulia kwamba zamani nyumba ya Wairaqw ikifiwa iliingia kwenye metimani, yaani watu wake walijitenga, hawakuchangia maji wala moto na majirani mpaka muda wao utimie. Nikaunganisha mambo yote hayo na kupata jibu. Mfadhili amefariki. Amezikwa pale. Maji yako kwenye metimani. Niliwaeleza wenzangu wa darasa la tatu, wakaniamini, na kwa wiki nzima tulikuwa tunamwagilia maua tukiwa tumesimama mbali, tunarusha maji kwa mkono.

Nilipomweleza Yasinta alicheka mpaka akalazimika kutua ndoo. Halafu akalitazama lile pazia. "Afadhali angekuwa amekufa," akasema. "Matanga yana mwisho."

Mama Emanuela alirudi wakati baridi imeanza kuisha. Alikuwa amekuja kukagua chemchemi, na akashuka kwa miguu kufuata mtaro hadi shuleni. Nilikuwa kwenye maua yangu. Alisimama akalitazama kufuli, akanitazama mimi na kidumu changu.

"Mtoto, hayo maji umeyatoa wapi?"

"Shikamoo. Korongoni."

"Marahaba. Korongoni kufanya nini? Bomba limeharibika?"

Sikutaka kuwa mimi wa kumpa habari ya msiba, nikainamia maua yangu. Akaniambia nikamwite Mzee Tluway. Mzee akaja akiwa anajifuta mikono, maana alikuwa anapura maharage, akamsalimia kwa furaha kubwa, akaulizia watoto, akaulizia mvua za mjini. Mama Emanuela hakujibu habari za mvua.

"Mzee, maji yanatoka?"

"Yanatoka mama! Yanatoka vizuri sana. Kila Jumamosi tunayajaribu."

"Mnayajaribu halafu?"

"Halafu tunafunga. Tunangoja mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi nani?"

"Mfadhili."

"Mzee Tluway," akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "mfadhili ni mimi. Mimi na wenzangu. Mabomba haya niliyanunua mimi, nikayapakia mimi. Nipo hapa. Nimefika. Fungua."

Mzee akacheka kwa adabu, akaangalia zile buti za mvua za Mama Emanuela. "Mama, wewe ni wa hapa hapa. Wewe ni mtu wetu." Alikuwa anamsifu. Nilimwona usoni, alikuwa anampa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. "Hatuwezi kukufanyia sherehe wewe. Wale marafiki zenu wa ng'ambo wakisikia tumekunywa bila wao watasema nini?"

"Watasema Mungu asifiwe! Hao watoto wanachelewa shule. Nifungulie hicho kitu."

"Kikao kimeshaamua, mama. Muhtasari upo, umegongwa mhuri." Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kupiga kelele, kwa sababu lilikuwa la kweli. "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha? Ulisimama pale pale, ukasema mradi ni wetu, maamuzi ni yetu, asije mtu wa nje akatuamulia. Tumeamua."

Mama Emanuela alikaa kwenye kile kiukuta, juu ya kaburi, nikashtuka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi naomba mharakishe." Akaondoka. Miaka mingi baadaye, alipokuwa ananisomesha mimi sekondari, maana kikundi chake ndicho kilichonichukua, nilimuuliza kwa nini hakuchukua jiwe akalivunja lile kufuli mwenyewe. Akaniambia alikuwa ameona watu wengi sana wakija vijijini kuamulia wenyeji, na alikuwa ameapa hatakuwa mmoja wao. "Nikapenda kanuni yangu kuliko watoto wenu," akasema. "Nawe usije ukafanya hivyo." Nilimpenda sana yule mama, na bado nina kinyongo naye.

Walijaribu kuharakisha, kwa namna yao. Siku ilipangwa, ikaahirishwa kwa sababu mkubwa mmoja wa wilayani naye alitaka kuwepo na alikuwa safarini. Ikapangwa tena, ikaahirishwa kwa sababu wageni wa ng'ambo walikuwa wamesogeza ndege. Kila siku ilipopangwa shule ilisimamisha vipindi kufanya mazoezi. Kulikuwa na wimbo, ngonjera, na maneno ya shukrani yatakayosemwa na mwanafunzi mmoja wa kike kwa niaba ya wote. Nani mwingine mwenye sauti? Yasinta. Alikariri risala ile akiwa njiani na ndoo kichwani, anaisema kwa sauti hadi mbwa wa watu wanabweka. Mazoezi yalifanyika mchana, kwenye muda ambao mwalimu wa hisabati alikuwa amejitolea kuwarudilia darasa la saba mambo ya asubuhi. Kwa hiyo dada yangu alikosa hisabati asubuhi kwa ajili ya maji, akakosa hisabati mchana kwa ajili ya kushukuru kwa maji. Mtu akiniambia nisikasirike, anieleze kwanza hilo.

Mtihani ulifika. Vumbi lilikuwa limejaa kila mahali, kishimo kinatoa bakuli moja moja. Siku zile mbili mama alimkataza Yasinta kushika ndoo. Alikwenda yeye na mtoto mgongoni. Yasinta alitoka kwenye chumba cha mtihani siku ya hisabati akaja moja kwa moja nilipokuwa, kwenye maua, akachukua kidumu changu akanimwagilia safu nzima. Nikamuuliza, "Rahisi?" Akasema, "Karatasi yake ilikuwa nyeupe vizuri."

Uzinduzi ulifanyika wiki mbili baada ya hapo.

Mwalimu mkuu alikuja nyumbani mwenyewe. Mama akamkaribisha kiti. Akaeleza kwamba amejaribu msichana wa darasa la sita lakini anameza maneno, na muda hakuna, na Yasinta ndiye aliyekwisha kukariri. Avae sare tu, aje aseme. "Lakini mwalimu, yeye amemaliza shule," mama akasema. "Nani atajua, mama Yasinta?" akajibu mwalimu, na wote wawili wakacheka kidogo. Yasinta alifua shati lake, akaliweka chini ya godoro linyooke.

Ilikuwa siku kubwa. Turubai lilifungwa, mbuzi wakachinjwa, redio kubwa ikaletwa na jenereta lake. Mgeni rasmi hakuwa mrefu wala hakuwa na miwani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, kofia ya majani, ngozi imebabuka puani, na alitabasamu kwa watu wote kwa aibu. Pazia lilipovutwa wakasoma jina lililokuwa kwenye jiwe, na kumbe lilikuwa lake, naye yuko hai anapiga makofi. Nilichanganyikiwa kwa muda, kisha nikafurahi sana kwa niaba yake. Mama Emanuela alikuwa amepangiwa benchi la tatu, kwa sababu mstari wa mbele ulikuwa wa wageni. Yule mzungu alipomwona alikwenda hadi kule nyuma akamkumbatia kwa muda mrefu, wakubwa wakabaki wamesimama na mashada yao.

Alikuwepo mwongozaji mmoja wa watalii, kijana wa kijijini kwetu, aliyekuwa anatafsiri. Mgeni akamwambia kitu, naye akamgeukia Mzee Tluway. "Mzee, anauliza maji yalianza kutoka lini."

Mzee Tluway hakusita. "Mwambie leo."

Akamwambia leo. Mama Emanuela akainamisha kichwa akaanza kufuta kwenye buti zake tope ambalo halikuwepo.

Kisha akaitwa mwanafunzi. Yasinta alisimama na kipaza sauti, shati jeupe, sketi ya bluu, soksi za kuazima. Hakushika karatasi. "Mgeni rasmi," akasema, na sauti yake ikaenda hadi ng'ambo ya mashamba ikarudi, "sisi watoto wa kike tuliteseka sana. Mimi nilikuwa naamka alfajiri kwenda korongoni, nafika darasani nimechelewa, nakosa vipindi. Lakini leo mmetufuta machozi. Kuanzia leo sitachelewa tena darasani. Nitasoma kwa bidii, nitafaulu mtihani wangu, na nitakwenda sekondari. Asanteni sana." Akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. Watu walilipuka kwa vigelegele. Yule mgeni alilia, akavua kofia akajifuta nayo. Mama naye alilia, ila alijifunika uso wote na kanga, na hakupiga kigelegele. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilijisikia fahari isiyo na mfano. Yasinta alijaza ndoo ya kwanza, ikajaa mara moja kama alivyosema mwenyewe zamani, akamtwisha mgeni ili apigwe picha.

Aliporudi kukaa, Mama Emanuela alimvuta mkono kwenye benchi lake. Nilikuwa karibu nikasikia. "Hongera mwanangu. Uko darasa la ngapi?" Yasinta akamjibu kwa heshima kwamba ameshamaliza, amefanya mtihani wiki mbili zilizopita. Mama Emanuela hakumwachia ule mkono mpaka chakula kinagawiwa.

Majibu yalipotoka hakuchaguliwa. Sasa ana shamba lake la maharage ya ngwara na mahindi, ana watoto wanne wenye kelele, bado anaongoza kwaya, na tukikaa jikoni kwake nikianza habari hizi ananikata. "Wewe nawe na bomba lako! Mimi hisabati ningeanguka hata ningelala mle darasani." Labda. Mimi sijui. Hilo ndilo linalonila: kwamba sijui, na hakuna atakayejua, kwa sababu maji yalikaa miezi mitatu nyuma ya kufuli na hatukumpa nafasi ya kuanguka mwenyewe.

Lakini kuna kitu kimoja anachosema hakikumbuki, na mimi simlazimishi.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Mimi kila kilichosemwa kwenye kipaza sauti nilikiamini, kwa sababu kilisemwa mbele ya wakubwa na padri, na kwa sababu aliyekisema ni dada yangu, ambaye hakuwahi kunidanganya. Jumatatu niliamka kabla ya mtu yeyote. Nilikwenda bombani peke yangu na kidumu changu, nikajaza, nikarudi, na jua lilikuwa bado halijatoka. Nilichukua shati lake chini ya godoro, nikachukua sketi, nikaziweka juu ya blanketi, nikamtikisa bega. "Dada, amka. Maji nimeshaleta. Leo hutachelewa."

Aliamka kwa haraka, kama alivyozoea. Aliketi kitandani macho yamefumba, akapapasa, akalipata shati. Alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kabla hajakumbuka.